Mbwa Aliyenikataa Mlangoni Kwangu

Watoto wa hapa jirani wananiuliza, "Babu, hivi mbwa anatuonaje?" Nawajibu, mbwa anakunusa kwanza, halafu anakusikia, macho yanakuja nyuma nyuma kama shahidi aliyechelewa. Hawaniamini. Na kusema kweli wana haki, maana mimi nikiua panya, habari ikifika nyumba ya tatu ameshakuwa kiboko. Shule sikusoma, kisomo cha ngumbaru kilinikuta nina ndevu. Lakini hii ya mbwa naijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mbwa niliyemlea kwa ugali wangu alinikataa mlangoni kwangu, mchana kweupe, nikabakiza kidogo tu nikose mke.

Nyumba yangu ilikuwa Mamba, kule Mpimbwe kwenye mpunga. Enzi hizo ndo wakimbizi wa Burundi walikuwa wanafunguliwa makazi Katumba, pori tupu, wakatafutwa wa kulifyeka, vijana tukaenda. Nilimwacha mke wangu na mtoto mchanga, na mbwa ambaye ndo kwanza anajifunza kubweka. Akibweka anajishtua mwenyewe, anakimbilia uvunguni.

Huko Katumba nilikata miti mpaka shoka likawa jembamba, unaweza kunyolea. Nguo zangu za kazi zilishika jasho na moshi na utomvu, shati nikilivua linabaki limesimama lenyewe, mikono kiunoni. Kazi ilipokwisha nikasema, haiwezekani nirudi kwa mke wangu kama mtu aliyetapikwa na mamba. Nikapita Mpanda mjini, nikajinunulia ubwana.

Kwanza koti la kafa ulaya. Tulikuwa tunayaita hivyo kwa sababu tuliamini Mzungu akifa huko kwao, nguo zake ndo zinakuja kwetu. Mwenye koti lile alikuwa mrefu kama mnazi, mimi lilinifika kwenye vifundo vya miguu, na mifukoni bado mna vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Pili kofia pana, ukiivaa watu wawili wanapata kivuli. Tatu raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu mpole sana, akaniambia, "Kijana, na haya mafuta ya nywele, ukipaka mkeo atakujua ungali mbali." Nikachukua na sabuni ya kunukia. Mafuta yale bwana! Nyuki walinifuata mpaka kwenye lori.

Lori lenyewe lilikuwa limeshusha tumbaku Mpanda, sasa linakwenda kwetu kuchukua mpunga. Sakafu yote vumbi la tumbaku. Nilipiga chafya kutoka Mpanda mpaka Mamba bila kupumzika, tulipofika sauti yangu ilikuwa imekwisha, imebaki ya chura.

Pale lori liliposimama palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, mpika pombe, mtu mzima wa heshima zake. Nikamwomba maji. Nikaoga kwenye bafu lake la matete nyuma ya nyumba, nikajipaka mafuta, nikavaa ubwana wangu wote. Zile nguo za kazi nikazisokomeza kwenye gunia, gunia nikalisukuma chini ya kihenge chake cha mahindi. Nikasema nitazifuata kesho, leo mke wangu asizione. Nikashika njia ya nyumbani, nanukia kama duka zima.

Sasa watoto, sikilizeni hapa, maana hapa ndo pa mbwa.

Mbwa hakungoji ufike ndo akujue. Wewe bado uko kule kwenye mihogo, yeye ameshasikia miguu. Anajua miguu ya baba, ya mama, ya mgeni, ya mwizi. Ndo maana unaona amelala kama maiti, halafu sikio moja linasimama lenyewe, linageuka kutafuta sauti, yeye bado ana usingizi. Miguu yangu mimi aliyoizoea ni ya peku, chap, chap, chap, wa kushoto unaburuta kidogo kwa sababu niliwahi kuumizwa na jembe. Siku ile akasikia KWA! KWA! KWA! Raizoni hizo. Akajiuliza, huyu ni nani anakuja na kinu kila mguu?

Akasimama. Akawa jibwa, jamani! Nilimwacha mdogo kama kuku, nimkute kama ndama. Na mimi ninavyojua kusifia, nikisema ndama labda alikuwa mbuzi, lakini mbuzi mkubwa.

Akaangalia. Macho ya mbwa hayana makuu. Yanashika haraka kitu kinachotikisika, hata panya kwenye majani makavu anamwona, lakini ukisimama kimya kwa mbali anakuona kisiki. Na rangi anazo chache. Niliwahi kumtupia kitambaa chekundu kwenye majani mabichi, akapita juu yake mara nyingi kama kipofu, mpaka pua ilipomwambia, we mpumbavu, umekikanyaga. Kwa hiyo mtu anamjua kwa umbo lake na anavyotembea. Mimi nilikuwa mwembamba, kichwa kidogo. Kilichokuja siku ile kilikuwa kihenge chenye kofia, kinayumba.

Bado pua. Pua ndo hakimu. Wewe ukinusa mchuzi unasema, huu mchuzi. Mbwa anasema, kitunguu kile, nyanya ile, chumvi kidogo, aliyepika alikuwa ameshika majani ya mhogo, na paka kapita hapa asubuhi. Kila kitu kwenye chungu anakitenga chake. Pua yake ina majimaji wakati wote, harufu inanata pale. Na anajua harufu ya zamani na ya sasa hivi, kama wewe unavyojua ugali wa jana kwa kuutazama. Sasa huyu wangu alipozungusha pua kutafuta upepo, alipata nini? Alipata dawa ya mende, tumbaku, sabuni, mafuta ya nywele, na marehemu wa Ulaya. Huko chini kabisa labda na mimi nilikuwepo kidogo, kama mtu aliyelaliwa na magunia ya lori zima.

Nikamwita. Kwa sauti ya chura. Hapo ndo akachanganyikiwa. Mkia ukatikisika, meno yakatoka. Nyuma karibu, mbele toka. Ukiona mbwa wa namna hiyo, mwanangu, usijidanganye na mkia. Mkia unasema "nimeshtuka moyo" tu, wala haujasema kama ni kwa furaha. Simama, mikono chini, mwache anuse. Mimi nilifanya nini? Nikavua kofia nikaipunga, nikapiga kelele, nikakimbia.

Sijui nilivyopanda ule uchanja wa vyombo. Najua tu nilijikuta juu yake, sufuria kichwani, raizoni moja iko chini inang'atwa.

Na hapo uani alikuwepo mama mkwe. Alikuja kumsaidia binti yake kupeta mpunga. Kwetu enzi zile mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawaongei moja kwa moja. Ni heshima kubwa. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo, anamwambia mtoto, au kuku, au ukuta, mwenzake anasikia humo humo. Basi mama mkwe akaweka ungo chini, akanipa mgongo, akamgeukia mbwa.

"Wewe mbwa, huyo uliyempandisha juu ya vyombo vya mwanangu ni nani?"

Nami nikajibu kwa mbwa, "Mbwa, mwambie mama ni mimi mkwe wake."

"Mbwa, mwambie mkwe wangu hana sauti ya chura."

"Mbwa, mwambie mama ni vumbi la tumbaku."

Mbwa anamtazama huyu, anamtazama huyu, kama karani wa mahakama aliyekosa kalamu.

Mke wangu akatoka ndani na mtoto mgongoni. Akanitazama, akanijua. "Baba! Ni wewe kweli?" Akaja mbio, uso wote unacheka. Alipofika karibu, akasimama. Pua yake nayo ikafanya kazi.

"Mbona unanukia hivi?"

Nikasema, "Nimejipamba kwa ajili yako, mama."

"Umejipamba, au umepambwa?"

Mama mkwe akadakia, "Mbwa, si ulishasema wewe? Umemkataa mwenye ugali wako, bure? Umenusa kitu."

Hapo nikajua nimekwisha. Maana kwetu watu walikuwa wanaamini hivyo hivyo. Mbwa akimkataa mwenye nyumba anayerudi safari, basi amemnusa kitanda cha kwingine, na neno la mbwa halikatiwi rufaa. Kuna bwana mmoja wa upande wa Usevya, walisema alikataliwa na mbwa watatu, akahama kijiji. Watu nao walishaanza kukusanyika uani. Mpunga ulikuwa umevunwa, hakuna mwenye kazi, mkwe juu ya uchanja ni sikukuu.

Nikaona niseme ukweli wote upesi upesi. Nikasema, "Jamani, sikwenda kokote! Nimeshuka kwenye lori, nikaoga kwa yule mama mpika pombe, nikaja!"

Uwanja mzima ukasema "Ahaaa!"

"Mbwa, umesikia mwenyewe," akasema mama mkwe. "Kaoga kwa mwanamke."

Kuna mtu nyuma akauliza, "Na mgongo alimsugua nani?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mimi ningecheka pia. Lakini nilimtazama mke wangu. Hakucheka, hakunitukana. Ningependa angenitukana, maana matusi nayaweza. Alitazama chini, akageuka akaingia ndani, na mimi huko juu nikasikia mkeka unakunjwa. Nyie watoto hamjui sauti hiyo. Mkeka ukikunjwa kulala unasema vingine, ukikunjwa kuondoka unasema vingine. Mama mkwe akamwambia mbwa kwamba jua likianza kupoa wao wanakwenda kwao, na mtoto, na mwenye koti abaki na koti lake.

Nilijitetea nikakauka. Lakini nani amwamini mtu ambaye kila siku anasimulia alivyopigana na kiboko kwa mwiko? Uongo wangu wote wa kuchekesha, siku ile ukaja kunikalia kifuani. Nikatazama huku na huku, hakuna shahidi. Aliyekuwepo ni mbwa tu, na ndo mlalamikaji.

Ndipo likanijia. Nikasema, "Mbwa, mwambie mama hivi. Kama wewe unajua kunusa, basi fuata njia niliyokuja nayo, mpaka ilipoanzia. Popote nilipokanyaga utapajua. Kama nimeingia kwenye nyumba ya mtu, utaingia. Kama sijaingia, hutaingia."

Mama mkwe akafikiri. Akamtazama mbwa muda mrefu. Akasema, "Mbwa, maneno hayo yana akili. Lazima amefundishwa na mtu." Akachukua kamba, akamfunga mbwa shingoni, akamnusisha ile raizoni iliyong'atwa. Tukaondoka. Mbwa mbele, mama mkwe kwenye kamba, mke wangu na mtoto, kijiji, halafu mimi mwisho kabisa, mguu mmoja juu mmoja chini.

Mngemwona alivyofanya kazi! Pua chini, inapumua haraka haraka, fu fu fu fu, kama mtu anapuliza uji wa moto. Mbuzi walikuwa wamepita juu ya nyayo zangu, kundi zima, na mavi yao wakaacha. Mimi na wewe tungesema njia imefutika. Yeye kwake mbuzi ni mbuzi, koti ni koti, ana macho puani. Penye majani anakwenda mbio kwa sababu majani yaliyokanyagwa yanatoa maji na harufu inakaa. Penye mchanga mkavu wa moto anapunguza, anarudi, anazunguka, anaipata tena.

Tukafika kwenye kisiki kimoja, akasimama. Akanusa juu, akanusa chini, akanusa ubavuni, akainua mguu. Mama mkwe akavuta kamba, haendi. Akasema, "Mbwa, umechoka?"

Nikasema, "Mbwa, mwambie mama uko posta." Maana ndo ilivyo. Pale mbwa wote wa kijiji wanaandika. Nani kapita, dume au jike, mgonjwa au mzima, mwoga au mkali. Anasoma za wenzake, anaacha yake, anaondoka. Mimi niliyekuwa siwezi kusoma hata jina langu nilimwonea wivu.

Basi tukaiona nyumba ya yule mama. Moyo wangu, watoto, ulikuwa unapiga mpaka vifungo vya koti vinaruka. Nilikuwa najua sijaingia ndani mle. Lakini mbwa je, kama akinusa nyama ndani? Kama akiamua tu kuingia kwa sababu kuna kivuli? Maisha yangu yote yalikuwa kwenye pua ya mnyama ambaye jana yake labda alikula mavi.

Akafika mlangoni. Akasimama. Kijiji kikasimama. Mke wangu akashika mdomo. Mbwa akaingiza pua kwenye kizingiti, fu, fu, akanusa kushoto, akanusa kulia. Halafu akapiga chafya, akageuka, akauacha mlango, akazunguka nyuma ya nyumba.

Nikasema moyoni, mbwa wangu, leo utakula kuku mzima.

Mwenye nyumba akatoka na mwiko mkubwa wa kukorogea. "Jamani karibuni, lakini pombe bado changa. Mmekuja wote hivi kuna msiba?" Wote wanakimbilia nyuma ya nyumba. Mbwa akaingia kwenye bafu la matete, akazunguka pale maji yalipomwagika, akatoka, akaelekea kwenye kihenge. Akaweka pua chini yake.

Mkia ukaanza. Taratibu kwanza. Halafu kiuno chote. Halafu akalia, kile kilio cha mbwa ambacho siyo kubweka, ni kama mtoto anayeamshwa na mama yake. Akachimba, akavuta gunia kwa meno, kamba ikamponyoka mama mkwe. Akatoa shati langu. Lile linalosimama lenyewe. Akalala juu yake, akajigaragaza, akaliramba, akaingiza pua kwenye kwapa la shati akaiacha humo. Harufu ile ilikuwa imeanza kutufukuza sisi watu, hata kuku wa yule mama walihama. Yeye kwake alikuwa amempata baba.

Yule mama mpika pombe akasema, "Ala! Huyo kijana aliyeniomba maji? Nilimwambia apite ndani anywe hata kata moja, akakataa. Anasema ana haraka ya mke wake. Nikajisemea, haraka gani hiyo na mafuta yote yale?"

Mke wangu akanitazama. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, naona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia.

"Mbwa," akasema, sauti inamkatika katika, "mwambie mkwe wangu avue hilo koti la marehemu, avae shati lake."

Nikavua. Nikavaa. Mbwa akainua kichwa. Akanitazama, akalitazama shati. Akaja taratibu, masikio nyuma, akaninusa magoti, mikono, kiganja, halafu kisigino kile kinachoburuta. Pale kisiginoni akakaa muda, kama mzee anayesoma barua. Halafu akaruka! Akaniangusha chini, akanipanda, akanilamba macho, pua, masikio, mafuta yote ya nywele akayamaliza. Analia, ananikojolea kwa furaha. Nami nalia, sikumkojolea tu.

Mama mkwe akashindwa. Akacheka mpaka akageuka, na heshima yote ikasahaulika, akanitazama usoni, mara ile moja tu maishani mwake. Akakumbuka, akajifunika kanga haraka.

Mke wangu akaja, akachuchumaa, akanusa shati kwa mbali. Akaziba pua. "Eh! Sasa ndo unanuka mume wangu," akasema. "Twende nyumbani. Mkeka wenyewe nilikuwa nimeufunga vibaya." Akamtoa mtoto mgongoni akanipa nimbebe, mtoto akapiga chafya, tukarudi, mbwa anatembea ameniegemea mguuni kama mlevi.

Mngedhani imeishia hapo. Lakini sifa ya mbwa yule ilienea kuliko ya daktari. Wanawake wakaanza kuja uani kwetu, kila mmoja ana kamba mkononi, "Shemeji, tuazime mbwa, mume wangu kasema alikuwa Katumba." Mwingine mume wake alikwenda Mpanda kuuza mpunga, mwingine alikwenda kwenye maziko tu. Nawaambia jamani, mbwa hanusi dhambi, ananusa jasho na sabuni. Hawasikii. Wanaume wa kijiji wakaacha kupita kwetu. Waliokuwa wanakuja kunisalimia kila jioni wakawa wananisalimia kwa kupunga mkono kutoka ng'ambo.

Mpaka siku moja mimi na mama mkwe tuko uani, yeye anapeta, mimi nimempa mgongo kwa heshima. Tukamwona mzee wake, baba mkwe wangu, anarudi kutoka safari ya upande wa Rukwa. Njia nzuri inapita mbele ya nyumba yetu. Yeye akaiacha, akaingia kwenye matete, kwenye tope la mbuga, suruali imekunjwa, viatu kichwani, anakwenda taratibu bila kugeuza shingo.

Mama mkwe akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono kuitafuta ile kamba.

"Mbwa," akasema, "amka."